Macho ya mtoto njiti: ile tarehe ya kupima usiiache ipite

Mtoto akizaliwa njiti watu wote wanauliza anapumua vizuri? kaongezeka gramu ngapi? ananyonya? Ni maswali ya maana kabisa, sisemi kitu. Ila macho hamna anaeuliza, na mi nataka leo niongelee macho tu mana kuna muda wa kuyapima ambao ukipita hamna dokta wa kuurudisha.

Mwanangu alizaliwa wiki ya 28, kilo moja na kidogo hivi. Kope zinakuwa zimegandana tumboni mpaka kwenye wiki ya 24 hadi 26, kwa hiyo wa kwangu alikuja anafumbua macho, na nlivomwona ananitazama pale kwenye inkyubeta nkajua basi, anaona, macho yamekamilika. Kumbe jicho la njiti kwa nje linakuwa zuri tu, jeusi, linameremeta, kazi ambayo haijaisha iko nyuma kule kwenye retina, ile ngozi nyembamba inayopokea mwanga. Mishipa ya damu ya retina inaanza kuota karibu wiki ya 16 ya mimba, inaanzia katikati nyuma ya jicho inatambaa kwenda pembeni kama mmea wa maboga unavotambaa shambani, upande wa puani inafika mwisho karibu wiki ya 36 na upande wa sikioni mpaka wiki ya 40 huko. Sasa mtoto wa wiki 28 anazaliwa mishipa iko njiani.

Tumboni mtoto anaishi na oksijeni kidogo sana kwenye damu, ndo inavotakiwa. Akitoka nje hata hii hewa ya kawaida tu kwake ni nyingi, achilia mbali akiwekewa mpira wa oksijeni puani. Retina ikipata oksijeni nyingi mishipa inaacha kuota, haina haja tena. Wiki zinaenda, retina inakua, inaanza kuwa na njaa ya oksijeni sehemu ambayo mishipa haikufika, basi inaita mishipa mipya kwa pupa, nayo inaota hovyohovyo, inavuja, inaacha makovu, na makovu yakivuta sana retina inabanduka. Huo ugonjwa madokta wanauita ROP. Na retina ikishabanduka yote, kurudisha uoni ni shida kubwa hata kwenye hospitali kubwa za dunia.

Haya mambo watu walijifunza kwa machozi. Mwaka 1942 kule Boston dokta Theodore Terry aliandika kuhusu watoto njiti waliokuwa wanapofuka na hakuna aliejua kwanini. Miaka ile inkyubeta za kisasa zilikuwa ndo zimeingia, oksijeni inafunguliwa tu, nyingi, kwa nia njema kabisa ya kuokoa maisha. Mwaka 1951 dokta Kate Campbell wa Melbourne akaandika kwamba huenda oksijeni yenyewe ndo inahusika, alafu utafiti mkubwa wa Marekani wa 1953 na 1954 ukathibitisha. Inakadiriwa watoto kama 10,000 duniani walishapofuka mpaka hapo. Stevie Wonder mnaemjua nyote, alizaliwa 1950 kabla ya wakati wake, alipofuka hivohivo.

Sasa mama usije ukasoma hapa ukaenda kumtoa mtoto mpira wa oksijeni, tafadhali sana!! Baada ya ule utafiti hospitali nyingi zilibana oksijeni kupita kiasi na watoto wengi wakafa, wengine wakabaki na matatizo ya ubongo. Kinachotakiwa ni kipimo. Ile mashine ndogo inayofungwa mguuni yenye taa nyekundu ndo inasoma oksijeni ya damu, na kwa njiti aliye kwenye oksijeni wanalenga iwe kati ya asilimia 90 na 95. Ukiona inasoma 99, 100 muda wote na mtoto bado ana mpira puani, muite nesi kwa heshima umuulize, dada naomba uangalie hii hapa. Hawakasiriki, na akikasirika mmoja muite mwingine, ni mtoto wako.

Na ile khanga tunayofunikia inkyubeta? Endelea kuifunika, giza linamsaidia kulala. Ila haizuii ROP, hilo walishalipima wakakuta halina tofauti.

Kipimo chenyewe sasa. Utaratibu wa Marekani ni kila mtoto aliyezaliwa wiki 30 kushuka au gramu 1500 kushuka apimwe, na aliyezaliwa kuanzia wiki ya 27 anapimwa akifikisha wiki 4 tangu kuzaliwa, wale wa chini ya hapo wanasubiriwa wafike wiki ya 31 ya umri wa mimba. Ila India na Amerika ya Kusini wameona ROP mbaya hata kwa watoto wakubwa kuliko hao, pale oksijeni inapotolewa bila kupimwa vizuri, kwa hiyo hata wako akiwa na kilo 1.8 na alikaa sana kwenye oksijeni, uliza. Shida ni kwamba wiki ya nne ndo wengi tunaruhusiwa, mtoto ameongezeka, una furaha, unafunga virago, na tarehe ya macho inasahaulika hapohapo mlangoni. Hakikisha imeandikwa kwenye kadi kabla hujatoka.

Siku ya kipimo mtoto anawekewa dawa ya matone ya kutanua mboni, tone la ganzi, anafungwa vizuri kwenye khanga, alafu kuna kichuma kidogo cha kushikilia kope. Atalia. Mi nlilia kuliko yeye. Ni dakika chache, ukimpa ziwa anatulia. Wa kwangu walikuta hatua ya pili, wakasema hapana matibabu, tunarudia kila baada ya wiki moja au mbili, na ikarudi nyuma yenyewe, ambavyo ndo inakuwa kwa wengi wa hatua za mwanzo. Mama mwenzangu tuliyelala nae wodi moja wa kwake alihitaji leza, na ikishaamuliwa inatakiwa ifanyike ndani ya siku mbili tatu, sio mwezi ujao ukipata nauli. Siku hizi kuna na sindano ya ndani ya jicho, ila hiyo ufuatiliaji wake ni mrefu zaidi mana ugonjwa unaweza kurudi.

Kingine ni umri. Mama mkwe wangu alinitia hofu sana, mtoto ana miezi minne anasema mama nanii mbona huyu mjukuu wangu hatutazami, hacheki? Nkamwambia mama, toa miezi mitatu aliyowahi kuzaliwa, huyu ana mwezi mmoja. Kumkazia mtu macho na kucheka kunakuja karibu wiki 6 mpaka 8 za huo umri uliosahihishwa, na kweli alicheka, na wa kwanza kuchekewa alikuwa bibi yake. Akifika miezi mitatu iliyosahihishwa na hafuati uso wako ukimsogelea, hapo usingoje, nenda. Na wakati mwingine jicho ni zima ila shida iko kwenye ubongo unaotafsiri picha, njiti wanapata hiyo pia, kwa hiyo jibu la kwamba macho mazima lisikumalize.

Sisi bado tunaenda klinik ya macho hata baada ya ROP kuisha, mana njiti wanapata sana makengeza na kutoona mbali, na jicho moja likizembea utotoni ubongo unaliacha. Mara hii wamesema wanampima miwani, nimeshaambiwa zipo za kufunga na mpira kichwani ili asizivue.