Kilo 12 za unga na karatasi ya grafu

Mwaka 2009 nilikuwa fomu foo, Morogoro, na mama alikuwa na kibanda cha chai maeneo ya Msamvu, anauza maandazi na chapati tu. Saa 9 usiku jiko lishawashwa, namsaidia kusukuma kabla sijaenda shule. Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba kila siku unga kilo 12 unaisha zikiwa zimebaki kama dakika 40 tufunge, mkaa bado mwekundu kabisa, watu wanaulizia maandazi, mama anafunika karai anawaambia yameisha.

Wiki hiyo mwalimu akafundisha linia programingi, hesabu ya kutafuta faida kubwa kabisa wakati vitu ulivyonavyo vina kikomo. Mfano ubaoni ulikuwa wa viti na meza ila mi nikawa naona jiko letu tu.

Jioni nikamuuliza mama maswali mpaka akachoka. Maandazi 20 yanakula unga kilo 1, na jikoni yanakaa nusu saa, faida shilingi 600. Chapati 20 zinakula kilo 2 na dakika 40, faida 950. Muda wote tulionao ni masaa 5. Mama alikuwa anatoa chapati 100 na maandazi 40, maana chapati moja inalipa kuliko andazi moja, na ni kweli, lakini zile kilo 2 za chapati ukizipeleka kwenye maandazi unapata 1,200, tatizo zinakula saa zima. Nikachora mstari wa unga na mstari wa muda, nikapima kila kona, maana jibu bora linakaa kwenye kona, maandazi tupu 200 inatoka 6,000, chapati tupu 120 inatoka 5,700, na pale mistari inapokatana, maandazi 120 na chapati 60, ni 6,450. Mama alikuwa anapata 5,950!

Nikamwonyesha. Akaiangalia ile karatasi muda mrefu, mikono ina unga, afu akasema, "Na mafundi wa gereji je mwanangu? Wale wanachukua chapati 80 kila asubuhi, nikiwapa 60 kesho wako kwa mwenzangu."

Sikuwa nimewaweka mafundi. Mama hajasoma hesabu hizi ila sharti la tatu alilitoa yeye, na bila hilo jibu langu lingemharibia biashara. Nikachora mstari mwingine, kona ikahamia chapati 80 na maandazi 80, faida 6,200.

Ni 250 tu zaidi kwa siku. Baadaye sana nikasoma kuhusu George Stigler, mchumi wa Marekani, mwaka 1945 alitafuta chakula cha bei ya chini kabisa cha kumtosha mtu mwaka mzima, akakadiria dola 39.93, na 1947 wakapiga upya kwa njia ya George Dantzig, mwanahesabu aliyebuni namna ya kutatua hesabu hizi za linia programingi, ikatoka 39.69. Senti 24! Mi nilizielewa kabisa zile senti.

Kesho yake mama akakanda vile vile tulivyopanga. Mafundi wakapata zao 80, na kwenye saa 1 na nusu akaja yule binti wa jirani na shilingi mia yake mkononi, ambaye siku zote tulikuwa tunamrudisha, mama akafunua karai akampa andazi la moto.