Shilingi 480,000 na sehemu ya tano yake

Nilikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu ya kanisa hapa Moshi, upande wa Pasua. Kwa muda wa miezi minane nilichukua kwenye sanduku shilingi 480,000, kidogo kidogo, huku daftarini nikiandika "matumizi ya jumuiya". Sababu sitazieleza, maana kila niliyokuwa nayo ilikuwa kisingizio. Nataka kueleza jinsi hatia ile ilivyoondoka, hatua kwa hatua na kwa hesabu zake, kwa kuwa najua wapo wanaoungama kila Jumapili mwanzoni mwa ibada, wanasikia ondoleo la dhambi likitamkwa, na bado wanarudi nyumbani na mzigo uleule.

Kwanza ilinibidi nitenganishe hatia na maumivu ya hatia. Hatia ni deni: kuna kilichofanyika, kuna aliyekosewa, kuna kiasi. Maumivu ni jinsi deni hilo linavyokuuma. Mimi nilikuwa natibu maumivu tu. Nilifunga siku tatu, nikatoa sadaka kubwa kuliko uwezo wangu, nikaimba kwaya kwa machozi, na deni likabaki palepale. Katika Zaburi ya 32 Daudi anasema, "Niliponyamaza mifupa yangu imechakaa." Tazama neno alilolichagua. Kilichomchakaza mifupa anakitaja kuwa ni kule kunyamaza. Na mimi katika mafungo yangu yote sikuwahi kutaja kiasi hata mara moja, hata nikiwa peke yangu mbele za Mungu.

Kwa hiyo nilichukua daftari la jumuiya na karatasi safi, nikanakili kila nilipochukua: tarehe, kiasi, na neno la uongo nililoliandika pembeni. Ilitoka mistari 17. Nikafunga mlango, nikaomba mstari mmoja mmoja kwa sauti ya kusikika, na kazi hiyo ilinichukua zaidi ya saa nzima. "Bwana, nisamehe makosa yangu yote" ni sala njema tukiwa pamoja ibadani, lakini chumbani inaweza kuwa maficho. Ukisema "tarehe 14 nilichukua elfu 35 nikaandika kwamba ni nauli ya wageni", hakuna pa kujificha. Mwishoni nilisoma 1 Yohana 1:9, na nikasimama kwenye maneno mawili ambayo nilikuwa nayapita haraka siku zote: Mungu ni mwaminifu "na wa haki" hata atuondolee dhambi zetu. Wa haki! Msamaha huu hautoki kwa Mungu kufumba macho. Kristo amebeba deni msalabani, na Mungu wa haki halidai deni lililokwisha kulipwa. Tangu siku ile sijawahi tena kuomba msamaha wa mistari ile 17. Namshukuru tu.

Basi mbona sikuishia hapo? Kwa sababu Mungu ndiye mwenyewe anayekutoa madhabahuni na kukutuma kwa ndugu yako, Mathayo 5:23-24. Na katika Hesabu 5:6-7 utaratibu uko wazi kabisa: mkosaji aungame, arudishe kilicho kamili, kisha aongeze sehemu ya tano na kumpa aliyemkosa. Sehemu ya tano ya 480,000 ni 96,000. Jumla 576,000. (Aliyemkosea mtu aliyekwisha kufariki asome na mstari wa 8: malipo yanakwenda kwa jamaa yake, na asipokuwepo jamaa, kwa Bwana kupitia kuhani.)

Hapa wengi huteleza, wakadhani malipo ndiyo yanayonunua msamaha. Angalia mpangilio wa Luka 19. Katika mstari wa 5 Yesu anamwambia Zakayo kwamba leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Ni katika mstari wa 8 tu ndipo Zakayo anapotaja kurudisha mara nne. Mgeni alikuwa amekwisha kumkubali mwenye nyumba kabla shilingi moja haijarudishwa. Mimi nililipa kwa kuwa nilikuwa nimesamehewa, na tofauti hiyo niliiona wazi kwenye mwezi wa nne wa malipo, nitakaoueleza chini.

Kosa jingine ni kurudisha kimya kimya. Nilijaribu. Niliingiza elfu 30 kwenye sanduku bila kumwambia mtu. Kikao kilichofuata fedha ikazidi daftari, na katibu, ambaye hana kosa lolote, akatumia karibu nusu ya kikao kutafuta alipokosea, kisha akasimama akaomba radhi mbele ya wote kwa uzembe wake. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Fedha ikirudi bila ukweli, uongo unahamia kwa mtu mwingine. Elfu 30 ile sikuikata kwenye deni.

Nilifuata utaratibu huu, na ningemshauri mtu asiuvuruge: mchungaji, kisha aliyeumia kuliko wote, kisha mwenyekiti, kisha jumuiya. Usianze na mkutano. Ukianza na mkutano, machozi yanachukua nafasi ya maelezo, watu wanakuonea huruma, na jambo linafungwa kabla halijafunguliwa.

Kwa mchungaji nilikwenda na karatasi yangu. Sisi Walutheri tunasahau kwamba ungamo la faragha ni letu pia. Limo katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529. Majirani zetu Wakatoliki wanalo katika kitubio. Niliomba kitu kimoja kwa wazi: anitamkie ondoleo, mimi nikiwa nimepiga magoti, baada ya kusikia kiasi. Moyo wenye hatia unabishana na kila andiko unalojisomea mwenyewe. Ni vigumu zaidi kubishana na sauti ya mtu anayejua ni 480,000 na bado anakwambia kwa jina la Yesu umesamehewa. Utaratibu wa usharika ukidai marudi, yaani adhabu ya kanisa, yakubali, na siku ya kurudishwa kundini simama wima.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa bibi mmoja ambaye aliomba msaada wa matibabu miezi ile, akaambiwa sanduku halina kitu. Kwetu Uchaggani anayeomba msamaha mzito hupeleka jani la mmea uitwao sale, na anayeletewa sale hatakiwi kulikataa. Nililikata kijijini, nikalipeleka kwake kwa mikono miwili, nikamwambia kilichotokea na kiasi. Alilishika muda mrefu, akilikunja na kulikunjua. Kisha akasema, "Mwanangu, sale nimelipokea. Sasa niambie hela zitarudi lini." Nikamtajia tarehe. Lile swali lake liliniponya kuliko kama angelia pamoja nami, kwa sababu lilinichukulia kama mtu anayeweza kuaminiwa kutimiza tarehe.

Kwa jumuiya niliandika barua ya nusu ukurasa nikaisoma, sikuongea bila karatasi. Ulimi ukiachwa peke yake unaongeza visingizio. Barua ilikuwa na mambo manne: nilichofanya, kiasi na miezi, nitakavyolipa, na kwamba naacha uweka hazina leo. Katika rasimu ya kwanza nilifuta "kama nimewakwaza", nikafuta "hali ilikuwa ngumu", nikafuta "shetani alinipitia". Hili la mwisho tunalipenda sana, na linamwacha mwizi nje ya habari. Nilimtaja katibu kwa cheo chake na kusema ile elfu 30 haikuwa kosa lake. Sikutaja kosa la mtu mwingine yeyote, ingawa yalikuwepo. Ukiungama, ungama ya kwako. Na kama jambo lako linagusa heshima ya mtu wa tatu ambaye hajakubali kutajwa, liishie kwa mchungaji na kwa mliyekoseana naye.

Wawili walitoka nje kwa hasira. Mmoja alirudi baada ya wiki kadhaa. Mwingine alihamia jumuiya nyingine. Sikumfuata kumdai anisamehe. Kumdai mtu msamaha ni kumwongezea mzigo juu ya ule uliokwisha kumtwika.

Malipo yalikuwa shilingi 48,000 kila mwezi kwa miezi 12, kabla ya tarehe 5, kwa simu kwenda kwenye akaunti ya jumuiya, ili ujumbe uwe risiti. Mkononi usilipe. Na daftarini iliandikwa "marejesho", kwa ombi langu, isiandikwe "mchango". Usisubiri mpaka upate zote kwa pamoja, kwa maana kusubiri huko ndiko kunyamaza kwa Zaburi ya 32 kukiwa kumevaa nguo mpya. Mwezi wa nne ada ya shule ilinibana. Nilimpigia mwenyekiti siku tatu kabla ya tarehe, nikalipa 20,000, na mwezi wa tano nikalipa 76,000. Kama ningekuwa nanunua msamaha, mwezi ule ningekuwa nje ya neema kwa shilingi 28,000. Nililala vizuri.

Usiku mwingine sikulala vizuri, niseme ukweli. Lawama hurudi, hasa saa tisa usiku, hata baada ya yote hayo. Nilijiwekea swali moja la kupima: je, kuna la kufanya kesho asubuhi? Roho Mtakatifu akikugusa hutaja tendo na kukuonyesha mlango wa kwenda kugonga. Yule ambaye Ufunuo 12:10 inamwita mshitaki anakutaja wewe, "wewe ni mwizi", wala hakuonyeshi pa kwenda. Likiwepo la kufanya, naliandika na kulala. Lisipokuwepo, nasoma kwa sauti kadi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati, Warumi 8:1 na Zaburi 130:3-4.

Hiyo Zaburi ya 130 ndiyo iliyonifundisha nusu ya pili ya jambo hili. "Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe." Kwa akili yangu ningetegemea mstari useme kwako kuna adhabu, ili uogopwe. Nilipokuwa naiba nilikuwa na woga mwingi, ila wote ulikuwa woga wa wanadamu: ukaguzi, katibu, mke wangu kufungua droo. Mungu sikumwogopa, nilimkimbia. Kicho kilikuja baada ya kusamehewa, nilipoona deni langu limemgharimu nani. Wazee wetu walipanda sale mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, na jani lilelile ndilo wanaloombea msamaha; nilikuwa nimelijua tangu utoto bila kujiuliza kwa nini ni moja. Aliyepokelewa kwa jani lile hawezi tena kuuruka mpaka wake kama asiyeuona.

Watoto wetu wa kipaimara wanakariri kwamba kila amri inaelezwa kwa kuanzia na kumcha na kumpenda Mungu. Amri ya saba, usiibe, haiishii kwenye kutokuchukua fedha ya jirani. Inatutaka tumsaidie kuitunza mali yake na kuiongeza. Kwangu kumcha Mungu kumechukua sura hiyo. Baada ya rejesho la mwisho walitaka nishike ufunguo mmoja wa sanduku, kwa kuwa sasa lina kufuli tatu na watu watatu. Ufunguo nilikataa, kuhesabu nilikubali. Fedha inamwagwa mezani watu wote wakiwepo, wawili tunahesabu kwa zamu, kila mmoja anaandika jumla yake kwenye karatasi yake kabla hatujaonyeshana, na daftari linajazwa kwa kalamu ya wino pale pale. Zikitofautiana tunaanza upya, hata kama ni shilingi 200 na chai inapoa.