Dakika ya 14

Sauti ililetwa kwa CD, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na ripoti ya kurasa nne. Wakili aliyeituma alikuwa akimtetea kijana aliyeomba hifadhi Uingereza, akisema yeye ni Mbajuni, mmoja wa watu wa pwani wanaosema lahaja ya Kiswahili iitwayo Kibajuni, wa kisiwa cha Chula, kusini mwa Somalia. Kampuni moja ya kuchambua lugha ilimhoji kwa simu dakika 20 na ushei, ikakata shauri kwamba Kiswahili chake ni cha Kenya. Ombi likatupwa.

Hiyo ilikuwa 2011. Nilikuwa mtafiti mchanga wa isimu ya mahakama, yaani uchambuzi wa lugha kama ushahidi wa kesi, fani niliyovutwa nayo na kesi ya Derek Bentley, kijana wa London aliyehukumiwa kwa mauaji ya polisi akanyongwa 1953. Miaka mingi baadaye mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachambua maelezo ambayo polisi walidai ni maneno ya Bentley mwenyewe, akaonyesha kwamba neno dogo la kusema "kisha" limekaa mle kama polisi wanavyoliweka, si kama watu wasemavyo. Hukumu ilifutwa 1998. Nami nilitaka kesi za namna hiyo. Nikaletewa lugha ya mamangu.

Mama ni Mbajuni wa Faza, kisiwani Pate, upande wa Kenya. Aliolewa Mombasa, akajifunza kusema "mtu" kama majirani, lakini dada zake wakija kututembelea, "mchu" na "wachu" zilijaa ukumbini, na sisi watoto tulikuwa tukijificha kwa aibu. Leo naona haya kwa ile aibu.

Niliweka vipokea sauti masikioni. Mwenye kuhoji alikuwa na Kiswahili cha taarifa ya habari, kimenyooka kabisa, na kijana akamfuata nyuma nyuma. Akiulizwa "watu wangapi", anajibu "watu" kadhaa. Ripoti ilizikusanya hizo "watu" zote kuwa ushahidi dhidi yake. Nani asiyefanya hivyo? Mimi nikiongea na mtu wa Dar es Salaam, baada ya robo saa nasikia ulimi wangu umeshapanda basi. Sembuse mtu anayejua kwamba sauti ile ya kwenye simu imeshika maisha yake.

Dakika ya 14 aliulizwa waliondokaje kisiwani. Akaanza polepole, kwa adabu. Alipofika kwenye jahazi lililozidiwa na mzigo, Kiswahili cha habari kilimtoka chote. "Wachu" ikaja, ikaja tena, maneno yakikimbizana, na matamshi yalikuwa yale ya mama zangu wadogo ukumbini. Nikavua vipokea sauti, nikasimama dirishani. Ripoti haikugusa dakika hiyo hata kwa sentensi moja.

Jioni nilimpigia mama. Nilitamani mno kumsikilizisha, lakini mwiko wa kazi ni mwiko, nikaishia kumuuliza majina ya samaki na ya vyombo vya jikoni, kwa Kibajuni.

"Kwani huko Ulaya hamna samaki?" akaniuliza.

Kuandika ndiko kulikonitesa. Wakili alitaka sentensi moja: huyu ametoka Chula. Nami moyoni niliamini hivyo. Lakini Kibajuni husemwa Faza, Kizingitini na Kiunga, kikavuka mpaka hadi Kismayu, na mpaka ule haukuchorwa kwa kufuata ndimi. Tena vita vya Somalia vilipopamba moto miaka ya 1990, Wabajuni wengi walikimbilia pwani ya Kenya, watoto wakakulia humo. Mwongozo uliotolewa na wanaisimu 2004 unasema wazi kwamba lugha huonyesha mtu amelelewa miongoni mwa wasemaji gani. Uraia si wetu kuuamua. Niliukubali tangu darasani, ila darasani hakukuwa na jahazi.

Basi nikaandika kurasa saba. Kwamba msemaji amelelewa katika Kibajuni. Kwamba usemi wake ulimfuata mhoji, na hilo ni jambo la kawaida. Kwamba ripoti ya kwanza haikuwa na msingi wa kutaja nchi. Kwamba mimi pia sina.

Wakili alinipigia. "Hiyo ya mwisho lazima ibaki?"

Nikamwambia lazima. Akanyamaza kidogo, akashukuru, akakata. Baadaye nilisikia tu kwamba kesi imerudishwa isikilizwe upya. Baada ya hapo faili likapita kwa wakili mwingine.

Kanuni ya chuo ilinitaka niifute sauti ile. Kabla ya kufuta niliisikiliza mpaka mwisho, sehemu ambayo sikuwahi kuitilia maanani. Mhoji anamuuliza kama ana la kuongeza. Kijana anakohoa, anajiweka sawa.

"Hapana," anasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa. "Nashukuru sana."