IST yangu na sailensa isiyotulia: wiki ya tatu

Kwa waliokosa mwanzo: ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, na shida ni sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Ikiwashwa asubuhi inatetemeka kama mashine ya kusaga, sindano ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inapanda 1,100, inashuka 500, na kwenye foleni mara inazima kabisa. Ukikanyaga mafuta inatulia, utadhani si yenyewe.

Wiki ya kwanza nilibadilisha vitu kwa kubahatisha. Plugi nne, hewa klina, nikasafisha na throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, iliyojaa masizi. Hela imekwenda, mtetemo upo palepale.

Wiki ya pili fundi mmoja akaniambia, "Hiyo koili, kaka," yaani kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye plugi. Safari hii nikapima kwanza. Injini ikiwa inaunguruma, nilichomoa soketi za koili moja baada ya nyingine. Silinda inayochoma vizuri ukiikatia umeme, mlio unabadilika na RPM inashuka papo hapo. Mbovu hata haishtuki. Zangu zote nne zilishuka sawasawa. Basi ugonjwa ni wa silinda zote kwa pamoja: hewa au mafuta.

Jana nikaazima mashine ya kupimia kwa jirani. Ikatoa namba ya hitilafu P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Wengi wakiiona hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, wakati maskini sensa ndiye aliyeleta taarifa tu. Mimi nilikodolea macho kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza ili kufidia. Kwenye sailensa, asilimia 24. Nikashikilia 2,500: asilimia 4. Hapo nikacheka peke yangu. Sailensani throto imekaribia kufungwa, kwa hiyo hewa ya wizi inayopita kwenye ufa ni sehemu kubwa ya pumzi ya injini. Throto ikifunguka, hewa hiyo inamezwa na nyingine. Pampu ya mafuta ingekuwa imechoka, hesabu ingeharibika zaidi kwa kukanyaga.

Kuutafuta huo ufa, nikachukua chupa ya mke wangu ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi: maji yakiuziba kidogo, mlio utabadilika. Maji, kwa sababu sipendi kupuliza kabureta klina juu ya injini ya moto. Gasketi ya manifoldi (bomba la kugawa hewa kwenye silinda), kimya. Mpira wa buusta ya breki, kimya. Nilipolowesha mpira mfupi wa PCV, unaorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa, sindano ikasimama, sekunde mbili hivi, ikaanza tena kucheza.

Nikauchomoa. Juu mzima, hauna hata mkwaruzo. Nikaukunja, na upande wa chini ukafunguka mdomo wa nusu kidole, mpira wenyewe umelainika kwa oili kama ubani uliotafunwa.

Leo asubuhi, na mpira mpya: 700, sindano imeganda. Nyongeza ya mafuta asilimia 3.

Bado usukani unatetemeka nikiwa kwenye gia ya D na mguu kwenye breki, ila RPM haichezi, na nikirudisha N mtetemo unakata. Hapo nashuku maunti, ile mipira inayoshikilia injini. Jumamosi naingia chini na jeki.