Ukuta wa Mabanzi

Kichanja cha vyombo cha Mama ndicho kilichotangulia. Asubuhi moja ya Januari 1998 tulitoka nje tukakikuta kimelala bondeni kati ya migomba, na masufuria mawili, na kinu kimegeuka kifudifudi. Kipande cha uwanja, upana wa hatua mbili hivi, kilikuwa kimeondoka nacho usiku. Mizizi ya mparachichi ilibaki ikining'inia hewani. Hatukusikia chochote, kwa sababu mvua ya usiku ule ilivyokuwa ikigonga bati, hata mtu wa chumba cha pili ungemwita asingeitika.

Nyumbani kwetu ni juu ya Soni, kwenye milima ya Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto. Kule kiwanja hukipati, unakitengeneza. Unachimba mlima kwa upande wa juu, udongo unausukumia chini, mpaka upate mahali tambarare pa kusimamisha nyumba. Babu mzaa baba alikitengeneza cha kwetu kwa jembe na karai, akasimamisha nyumba ndogo ya majani, akapanda migomba ukingoni. Uwanja ule ulikaa miaka mingi bila kumsumbua mtu. Mwaka 1995 Baba aliuza kabichi vizuri, akajenga nyumba kubwa ya bati, na migomba ya ukingoni akaikata ili tupate nafasi ya kuanikia maharage. Nakumbuka tulivyoshangilia siku bati la mwisho lilipopigwa msumari.

Kisha zikaja mvua za El Nino, zile zilizoanza vuli ya 1997 zikavuka mwaka. Mto ulishuka mwekundu kama damu ya ng'ombe kwa wiki na wiki. Uwanja wetu ulikuwa ukipungua kidogo kidogo, leo kiganja, kesho hatua. Mvua zilipokoma, jiko la nje lilikuwa limebakiza hatua tatu kufika kwenye korongo. Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa, na Mama hakuthubutu kumweka chini. Alimfunga mgongoni tangu alfajiri hadi usiku. Alipika naye, akatwanga naye, akafua naye. Nilimwona jioni akifungua khanga huku amejishika kiuno, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Baba alimwona pia. Naamini ule ukuta ulianzia hapo.

Mawe na saruji hatukuweza. Baba alikwenda kwenye mashine ya kupasulia mbao akanunua mabanzi, zile pande za nje za gogo zenye maganda, ambazo watu huchukua kwa kuni au kwa mabanda ya mbuzi. Nguzo zilitoka kwenye mikaratusi yetu wenyewe. Hiyo ilikuwa Februari 1999, nami nilikuwa darasa la saba. Nikitoka shule navua sare, nashika koleo.

Tulichimba mashimo 10 kwenye mstari wa mita 11, kila moja futi mbili kwenda chini. Tukasimamisha nguzo wima kabisa, Baba akizipima kwa timazi aliyoazima kwa fundi. Mabanzi tuliyapigilia kwa mbele, upande wa bondeni, kwa misumari ya inchi nne, mpaka ukuta ukafika futi nne. Nyuma yake Baba alitandaza nailoni ya shambani ili udongo usichuruzike kwenye nyufa. Tukajaza kifusi, tukapiga kwa miguu, na uwanja ukarudi. Ukiusimamia kwa chini ulipendeza sana: mabanzi yamepangana, hakuna nguzo inayoonekana, hakuna upenyo. Majirani walikuja kuutazama. Baba aliupitishia mkono jioni ile kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemnunua.

Masika yaliingia mwishoni mwa Machi. Siku ya nne ya mvua nilirudi shule nikaona ukuta umefura tumbo katikati. Baba aliweka mihimili miwili ya kuuegemeza, akasimama pale mvuani bila mwavuli, kofia inamtiririkia. Mama alimwita mara tatu aingie ndani. Usiku misumari ilianza kung'oka. Safari hii tulisikia vizuri: tak, kimya, tak, kimya. Halafu sauti moja nzito, kama gunia la viazi limetupwa kutoka kwenye lori.

Kulipokucha, nguzo zilikuwa zimelala zote, mashina yake juu, kama meno yaliyong'olewa. Nailoni ilikuwa na maji bado.

Baba hakusema neno kwa siku mbili. Aliendelea na shamba, akila amekaa upande wa pili wa nyumba, asikokuona kule. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba fedha ya mabanzi ilikuwa fedha ya mbegu za viazi.

Ng'ambo ya kijito chetu aliishi mzee mmoja ambaye watoto wote tulimwita Babu. Ujanani alifanya kazi ya kutengeneza barabara za magari ya magogo katika msitu wa Shume, zile zinazokatwa kwenye ubavu wa mlima na kushikiliwa kwa magogo. Siku ya tatu alivuka na fimbo yake. Nikamwamkia, akaitika, kisha hakwenda kwenye ukuta. Alizunguka nyumba. Alitazama paa. Alipanda nyuma, kule mlima ulikochimbwa, akasimama muda mrefu akiangalia njia za maji. Mwishowe akamjia Baba.

"Pole, mwanangu."

"Nimekwisha poa, Mzee."

"Hebu niambie. Maji ya paa hili yanakwenda wapi?"

Baba alinyamaza. Naona alitaka kusema yanakwenda chini, kama maji yote. Babu akachora ardhini kwa fimbo: paa, uwanja, ukuta. Maji ya bati yanadondokea uwanjani, yanazama kwenye kifusi, yanateremka hadi kwenye nailoni, yanasimama. "Hukujenga ukuta," alisema taratibu, na hakukuwa na lawama katika sauti yake. "Umejenga bwawa. Udongo mkavu hausukumi mtu, mwanangu. Ukilowa ndipo unapotafuta njia."

Alituhadithia jambo ambalo nilikuja kulisoma baadaye. Yeye alizaliwa bonde la Mlalo, na mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha huko mpango wa kuzuia mmomonyoko, ambao baadaye ulienea Usambara nzima. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, na asiyechimba alipelekwa barazani akatozwa faini. Mama yake alichimba. Babu alikuwa mtoto, akimbebea jembe. Alisema mvua ilipokuwa kubwa, tuta la juu likijaa lilipasuka likabeba na la pili yake, na la tatu, na mama yake alikuwa akirudi kuchimba upya huku analia. Watu wa milimani waliupinga mpango ule mpaka ukaachwa kabla ya Uhuru. "Mlima hawakuuuliza," alisema Babu. Mimi naona walikosea pia kutomuuliza mama yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiyaona maji yanapita wapi kila mwaka.

Jioni ile nilichukua daftari la hesabu. Paa letu lilikuwa mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63, na nusu yake ndiyo inayomwaga upande wa uwanja. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nikachukua mvua ya milimita 40, ambayo kwetu siku ya masika si ajabu: lita 1,260 kwa upande mmoja tu, mapipa sita na zaidi, kila siku kama hiyo, yote tumeyaelekeza nyuma ya ukuta wetu. Nilimpelekea Baba. Aliisoma hesabu mara mbili kwa mwanga wa koroboi, akanirudishia daftari, akaniwekea mkono kichwani. Kesho yake alianza tena kula uwanjani.

Tulifunika jeraha kwa turubai na viroba vya udongo mpaka masika yakaisha. Kazi ya pili tuliianza Juni, likizoni, katika ule ukungu wa Lushoto unaokufanya uione pumzi yako saa nne ya asubuhi.

Kwanza hatukugusa ukuta. Tulianza na maji. Fundi bati alitukunjia gata, tukalifunga upande wote wa uwanja, likamwagia kwenye mfereji. Nyuma ya nyumba tukachimba mfereji mwingine wa kuyapokea maji ya mlimani kabla hayajafika, tukaupeleka kwa mteremko mdogo hadi migombani, mbali na mpaka wa jirani. Hapo Babu alikuwa mkali. Alisema mtu anayejiokoa kwa kummwagia mwenzake maji amehamisha tu korongo.

Kisha mashimo. Nilidhani futi nne zitatosha, sawa na urefu wa juu. Babu alikaa kwenye gogo akasema, "Chimbeni mpaka sururu igome." Hapo ndipo nilipoelewa kilichong'oa nguzo zetu. Futi mbili za kwanza zote zilikuwa kifusi cha babu yangu, udongo mchanganyiko wenye vipande vya vigae na mkaa. Tulikuwa tumeusimamisha ukuta ndani ya udongo uleule tuliotaka uuzuie. Chini yake rangi ikabadilika, ukaja udongo mgumu ambao haujawahi kusogezwa na mtu, na sururu ikaanza kutoa sauti nyingine. Shimo la kumi lilifika futi tano. Baba alishuka mwenyewe, mimi nikivuta udongo kwa ndoo na kamba.

Nguzo tulizichoma sehemu ya chini mpaka zikawa nyeusi, tukazipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. (Leo nisingeitumia oili ile karibu na bustani ya mboga, lakini wakati huo kila mtu aliitumia.) Hatukuzisimamisha wima. Ziliegemea mlimani, inchi moja kwa kila futi, ili zikisukumwa zipate pa kuanzia. Mabanzi safari hii yakapita nyuma ya nguzo, upande wa udongo. Jambo dogo namna hiyo! Mwanzoni mzigo wote ulikuwa umening'inia kwenye misumari, sasa udongo wenyewe ulikuwa unayabana mabanzi kwenye nguzo. Uzuri ulipungua, nguzo zikaonekana zote kama mbavu. Baba alisema zionekane.

Katikati, pale palipofura tumbo, tuliweka nanga mbili. Tulichimba mitaro miwili kwenda ndani ya uwanja kama hatua tatu, mwisho wa kila mmoja tukalaza gogo la mkaratusi kwa kulikingamisha, tukalifunga kwa waya mnene hadi kwenye nguzo, tukakaza waya kwa kuuzungusha na mtaimbo. Kisha tukafukia. Gogo lile likitaka kuja mbele lazima livute uwanja mzima.

Nailoni hatukuirudisha. Badala yake palihitajika mawe, upana wa futi moja nyuma ya mabanzi, kutoka chini hadi karibu na juu, ili maji yakifika hapo yashuke upesi na kupenya kwenye nyufa. Mawe yalikuwa mtoni. Mimi na Mama na watoto wa jirani tuliyapandisha kwa karai kichwani wiki nzima, na mdogo wangu akipanda na kushuka nasi mgongoni mwa Mama. Kifusi tulikirudisha kidogo kidogo, kila kikifika kimo cha shubiri tunakishindilia kwa gogo lenye mpini. Nilikokotoa na huo uzito pia: udongo wa upana wa mita moja tu nyuma ya ukuta wote, ukilowa, ungekaribia tani 25. Ni malori matatu ya tani saba ya kabichi, na zaidi. Miguu yetu ya Februari ilikuwa imeshindilia nini?

Mwisho tukapanda majani ya Guatemala chini ya ukuta na pembeni. Mbegu ilikuwa kila mahali, kwa kuwa SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulikuwa umeyasambaza kwenye makinga ya mashamba ya Lushoto tangu miaka ya 1980. Miaka saba baadaye nguzo mbili zilipooza, majani yale yalikuwa yameshika ardhi kwa mizizi minene kama vidole, na tulizibadilisha moja moja bila haraka.

Siku tulipomaliza, Babu alizunguka tena nyumba nzima, kama alivyofanya mara ya kwanza. Aliniambia, "Mjukuu wangu, mvua kubwa ikija usiutazame ukuta. Tazama maji yanayotoka. Yakiwa mekundu, mwite baba yako."

Mluati, zile mvua ndogo za Agosti, ulikuwa manyunyu tu. Mvua yenyewe ilikuja Novemba, usiku, ikigonga bati vilevile kama ya El Nino. Niliamka nikamkuta Baba yuko mlangoni, amevaa koti, tochi mkononi. Hakuniambia nirudi kulala. Tulishuka kwa kupitia migombani, tukashikana mikono kwenye utelezi, mpaka chini ya ukuta. Gata lilikuwa linanguruma juu yetu, na maji yalikuwa yakitoka kwenye nyufa za mabanzi, kila ufa na uzi wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Baba alinipa tochi. Akakinga viganja vyote viwili chini ya ufa mmoja, akasubiri vijae, akavisogeza kwenye mwanga. Tuliweza kuiona mistari ya viganja vyake.

"Kamwite mama yako," alisema. "Aje aone."