Berlin, Poznań, Gdańsk kwa treni: wafanyakazi waligoma, dunia ikasemaje?

Ukitoka Potsdamer Platz, Berlin, ukafuata Leipziger Straße kwa miguu, mbele kidogo unakutana na jengo moja la kijivu, refu halafu pana, jengo lisilo na urafiki na mtu. Leo ni wizara ya fedha ya Ujerumani. Enzi za Hitler lilikuwa wizara ya anga, na baada ya vita wakomunisti wa Ujerumani Mashariki wakalifanya Nyumba ya Mawizara. Juni 16, 1953 mafundi ujenzi waliokuwa wanajenga maghorofa ya barabara ya Stalinallee walitupa makoleo chini wakaandamana mpaka hapa, sababu serikali imewapandishia kiwango cha kazi kwa asilimia 10, yaani upange matofali mengi zaidi kwa hela ile ile na ukishindwa mshahara unapungua. Pale uwanjani wameweka picha kubwa ya waandamanaji chini ya vioo, unaiangalia kwa kuinama, na watalii wengi wanaipita tu wakidhani ni sehemu ya barabara.

Mi nilikuwa nimeenda na swali moja kichwani. Siku zote tunaambiwa kwamba wafanyakazi wakigoma kwenye nchi za kikomunisti basi nyuma yao kuna mabeberu, na upande wa pili nao unajisifu kwamba wao ndo waliowasaidia. Nikataka kuona kwa macho sehemu zenyewe, halafu nijue mabalozi na waandishi wa nje walifanya nini hasa siku zile.

Berlin jibu linachekesha kama siyo kuumiza. Jioni ile ya tarehe 16 wajumbe wa wafanyakazi walivuka kwenda Berlin Magharibi kwenye redio ya RIAS, redio iliyokuwa chini ya Wamarekani, wakaomba itangaze mgomo wa nchi nzima. Mhariri mkuu alikuwa Egon Bahr, yule aliyekuja kuwa mtu muhimu sana kwenye diplomasia ya Ujerumani. Wamarekani waliogopa, wakasema hapana, msituletee vita ya tatu ya dunia. Basi RIAS ikasoma madai ya wafanyakazi, tena ikarudia rudia, ila neno mgomo mkuu halikutoka mdomoni mwao. Haikusaidia kitu maana watu walishaelewa, kesho yake miji na vijiji kama 700 vikawa barabarani, karibu watu milioni moja, na mchana Warusi wakatangaza hali ya hatari wakaleta vifaru. Waliokufa wanahesabiwa kuwa si chini ya 55.

Magazeti ya chama yakaandika ni uchokozi wa mafashisti. Upande wa pili Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, mtu ambaye ungetegemea apige meza, aliwakasirikia makamanda wa Magharibi pale Berlin kwa kuwalaumu Warusi, akasema Warusi walikuwa na haki ya kutuliza fujo! Alikuwa anatafuta mkutano na Moscow baada ya kifo cha Stalin na hakutaka mafundi matofali wamharibie. Eisenhower yeye akatoa chakula, dola milioni 15, Moscow ikakataa, basi kikagawiwa Berlin Magharibi kwa yeyote anayekuja kuchukua, mafuta ya nguruwe, unga, maziwa ya kopo, njegere, zaidi ya vifurushi milioni 5 mpaka Oktoba. Watu wa Mashariki walipanda treni kwenda kupanga foleni, serikali yao ikasimamisha kuuza tiketi za kwenda Berlin na wanaorudi wananyang'anywa. Na barabara kubwa inayokatiza bustani ya Tiergarten ikapewa jina la Juni 17 ndani ya siku chache tu, hiyo ndo ilikuwa rahisi kuliko yote, kubandika kibao.

Kesho yake asubuhi nikapanda treni ya Warszawa, mji mkuu wa Poland. Berlin mpaka Poznań ni chini ya saa tatu, unavuka mto Oder pale Frankfurt, ile Frankfurt ndogo ya mashariki, na mpaka wenyewe sikuuona, hakukuwa na hata askari wa kuniangalia usoni, simu ndo ilinikaribisha Poland. Poznań nilikuwa nimepanga kukutana na mshikaji wangu Mkongo, mtu wa Lubumbashi anayeishi Brussels, alikuja kwa ndege akanisubiri nje ya stesheni analalamika baridi.

Sasa pale pale stesheni, ukitoka tu, unaona viwanja vya maonyesho ya biashara ya kimataifa vya Poznań na mnara wao mrefu wenye ncha kama sindano. Fikiria Sabasaba ya Dar, mabanda yamejaa wageni na mashine mpya zinang'aa, halafu watu wa kiwandani wanakatiza barabarani wakipiga kelele tunataka mkate. Ndo kilichotokea Juni 28, 1956. Wafanyakazi wa kiwanda cha Cegielski, ambacho wakati huo walikuwa wamekibatiza jina la Stalin, walikuwa wanadai kodi waliyokatwa zaidi kwenye mishahara na viwango vya kazi visivyowezekana, wakatuma wajumbe Warszawa, waziri akakubali halafu akaja kiwandani kukanusha. Asubuhi king'ora kikalia wakatoka, watu wa tramu wakajiunga, na kabla ya mchana pale mbele ya kasri la zamani la mfalme wa Ujerumani walifika kama laki moja.

Na wageni wa maonyesho wanaona kila kitu, wafanyabiashara na waandishi wa habari waliokuja kuandika habari za matrekta wakajikuta wanaandika habari za risasi. Serikali ilikuwa imewaalika yenyewe. Huwezi kusema hakijatokea kitu wakati watu kutoka nchi kibao wamesimama dirishani hotelini wanaangalia.

Kuna kitu kimoja kwenye makumbusho (yapo ndani ya kasri lenyewe) kilitufanya tusimame muda mrefu. Kwenye paa la jengo la bima ya jamii serikali ilikuwa imeweka mitambo ya kuvuruga matangazo ya redio za nje. Watu walipanda juu wakaing'oa wakaitupa chini barabarani. Angalia hilo, mtu ametoka na njaa, anadai mkate, na katikati ya hiyo njaa anapata muda wa kupanda ngazi kwenda kuvunja mtambo unaomziba masikio! Mshikaji wangu akasema "bale batu balijua, kama bengine habajui habari, banakufa bure", na sikuongeza neno.

Baada ya hapo walivamia gereza, wakaenda kwenye jengo la usalama wa taifa mtaa wa Kochanowskiego, risasi zikaanza kutoka madirishani. Jeshi likaleta wanajeshi kama 10,000 na mamia ya vifaru chini ya jenerali wa Soviet aliyevalishwa sare ya Poland. Waliothibitishwa kufa ni 57 au zaidi kidogo, mmoja wao mtoto wa miaka 13, Romek Strzałkowski, jina lake utalikuta mji mzima. Waziri mkuu Cyrankiewicz akaenda redioni akasema atakayeinua mkono dhidi ya serikali ya watu, mkono huo utakatwa.

Moscow ikasema ni mawakala wa mabeberu. Togliatti, kiongozi wa wakomunisti wa Italia, akaandika hivyo hivyo kwenye gazeti la chama, kwamba adui yupo, ila Di Vittorio aliyekuwa anaongoza chama cha wafanyakazi cha upande huo huo hakukubali, akasema wale wana malalamiko ya kweli. Nilimpenda huyo jamaa papo hapo. Marekani ikatoa tena ofa ya chakula, Warszawa ikakataa, yaani kama walikuwa na barua ile ile ya Berlin wamebadilisha tarehe tu. Lakini kesi zilipoanza mwishoni mwa Septemba waandishi na waangalizi wa nje waliruhusiwa kukaa mahakamani, adhabu zikatoka nyepesi kuliko ilivyotegemewa, na Oktoba Gomułka, kiongozi wa wakomunisti wa Poland, aliporudi madarakani kesi nyingine zikafutwa. Siasa za ndani zilichangia, najua, ila mi naamini yale macho ya wageni kwenye viti vya nyuma yalifanya kazi kuliko tani zote za unga. Mnara wao ni misalaba miwili mikubwa imefungwa kamba pamoja, ulizinduliwa 1981, kipindi kile kifupi Solidarność, chama huru cha wafanyakazi wa Poland, ilipokuwa inapumua.

Tukiwa tumekaa chini ya ile misalaba mshikaji akanikumbusha ya kwao, Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma Lubumbashi, enzi hizo Élisabethville, wakapigwa risasi uwanja wa mpira na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji. Dunia ilikuwa kwenye vita na shaba ya Katanga ilikuwa inatakiwa, nani angeuliza. Kwa hiyo tusidhani ni wakomunisti peke yao.

Treni ya kwenda Gdańsk inapita Bydgoszcz, mashamba tu na misitu ya misonobari, nililala. Gdańsk ni mji mzuri sana, unaweza kusahau ulichofuata. Tulipita mji wa kale haraka haraka tukaenda lango la kiwanda cha meli, lango namba 2, ambapo Agosti 1980 watu walikuwa wanatundika maua na picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Nyuma yake kuna jengo kubwa la rangi ya kutu, Kituo cha Ulaya cha Solidarność, kilifunguliwa 2014, ndani unaziona zile mbao mbili zilizoandikwa madai 21 kwa mkono. Dai la tatu ni uhuru wa kusema na kuchapisha. Liko juu kabisa ya nyama na mshahara na foleni!

Mgomo ulianza tarehe 14 baada ya kumfukuza kazi mama mmoja mwendesha kreni, Anna Walentynowicz, miezi michache kabla ya kustaafu. Serikali ikakata simu za mji mzima. Safari hii wafanyakazi walikuwa wamejifunza, hawakutoka barabarani kupigwa risasi, walijifungia ndani ya kiwanda na wakawafungulia geti waandishi wa nje. Habari zinatoka Gdańsk kwenda Magharibi, halafu zinarudi Poland usiku kwa redio za nje za Kipolandi, kama Radio Free Europe iliyokuwa Munich, mtu wa Szczecin, mji mwingine wa bandari, anajua cha Gdańsk kupitia Munich. Soviet walielewa hatari hiyo, tarehe 20 Agosti wakaanza tena kuvuruga redio za Magharibi kwao wenyewe.

Na serikali za Magharibi? Helmut Schmidt, kansela wa Ujerumani Magharibi, akaahirisha safari ya kwenda kuonana na Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, akakaa kimya kwa adabu. Serikali ya Carter ikawa na wasiwasi na vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilivyotaka kutuma pesa, isije ikaonekana ni njama. Mabenki ndo yalikuwa na presha kweli maana Poland ilikuwa inadaiwa zaidi ya dola bilioni 20. Desemba 13, 1981 jeshi lilipochukua nchi, waziri wa nje wa Ufaransa, Cheysson, akaulizwa mtafanya nini, akajibu bila shaka hatutafanya kitu. Wafaransa walimshambulia sana. Mi nikamwambia mshikaji kwamba angalau huyu alisema ukweli, wenzake wote walikuwa wanafikiria hivyo hivyo wakitoa tamko zito, ingawa Reagan alileta vikwazo na balozi wa Poland kule Washington, Spasowski, aliasi akaomba hifadhi.

Kwa nini walijifungia 1980 badala ya kuandamana, hilo halijibiki Gdańsk, inabidi upande ile treni ya mjini mpaka Gdynia, mji wa jirani, ushuke kituo kinaitwa Gdynia Stocznia – Uniwersytet Morski. Desemba 12, 1970 serikali ilipandisha bei ya chakula karibu na Krismasi, pwani ikawaka. Jioni ya tarehe 16 naibu waziri mkuu Stanisław Kociołek akatokea kwenye runinga akawaomba wafanyakazi warudi kazini. Wakamsikiliza. Alfajiri wanashuka kwenye treni hapa hapa wakakuta wanajeshi na vifaru, wakapigwa risasi wakiwa na vifurushi vyao vya chakula. Kijana mmoja wa miaka 18 walimbeba juu ya mlango wakamzungusha mjini. Pwani yote waliokufa mwezi ule ni 45 kwa hesabu ya serikali. Hapakuwa na maonyesho ya biashara na simu zilikatwa, na Ujerumani Magharibi ilikuwa imetoka kusaini mkataba na Warszawa tarehe 7 mwezi huo huo, nani alitaka kuuchafua.

Karibu na stesheni kuna mnara, vijana wa shule walikuwa wanapiga selfi. Mi nikamsomea mshikaji kwenye simu kilichompata Kociołek baadaye. 1971 aliteuliwa balozi wa Poland nchini Ubelgiji, akakaa Brussels mpaka 1978, mji ule ule wenye makao makuu ya NATO, hati zake zikapokelewa vizuri tu kama za balozi mwingine yeyote. "Balimutuma kwetu? Bruxelles?" mshikaji akauliza, akachukua simu asome mwenyewe.