Mstari ambao haukuvuka mgongo

Mwanangu alipofikisha siku tisa alitapika kijani. Si maziwa yaliyokatika, ni kijani kabisa, kama maji ya mchicha. Mama mkwe, mtu wa Kibosho, akasema ni chango, kitapita. Mimi ile kanga niliyomfutia nikaikunja hivyohivyo, nikaita bajaji, tukashuka hospitali hapa Moshi mjini. Daktari alipoikunjua kanga hakuniuliza mengi tena.

Eksirei ya kwanza ikatoka safi. Nikamshukuru Mungu, nikaanza kumfunika mtoto tuondoke. Daktari akanizuia: "Mama, hii kuwa nzuri hainiondolei wasiwasi. Kijani ni nyongo. Tumpe dawa tuone inapita wapi."

Dawa yenyewe nyeupe kama chokaa. Wakaipitisha kwenye mpira mwembamba wa puani. Mimi nilivishwa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, nikamshika miguu huku macho yangu yako kwenye skrini. Kwa kawaida dawa hutoka kwenye mfuko wa chakula ikielekea kulia, hushuka, huvuka uti wa mgongo, halafu hupanda kushoto. Ya mwanangu haikuvuka. Ilishuka kulekule kulia, inajizungusha kama skrubu. (Mimi nilikuwa naiona kushoto! Kumbe picha husomwa kama mtu aliyekukabili: kulia kwake, kushoto kwako.)

Nilivyoelezwa, mimba ikiwa changa utumbo hutokeza hadi kwenye kamba ya kitovu, kisha hurudi ndani. Katika safari hiyo huzunguka nyuzi 270, ndipo hushikizwa. Wa kwake uliishia njiani. Usiposhikizwa vizuri hujisokota, na ukijisokota damu haifiki. Karatasi ya upasuaji nilisaini usiku uleule. Hakuna aliyesema tungoje asubuhi.

Upasuaji wenyewe unaitwa wa Ladd, jina la daktari wa Boston. Kilichonishangaza ni kwamba hawaurudishi utumbo mahali pa watu wote. Wanausokotoa, mwembamba wanaulaza kulia, mpana kushoto. Kidole tumbo wanakitoa kabisa, maana kingebakia kushoto, na siku kikimuuma nani angekitafuta huko?

Sasa ana miaka mitatu, mtori anamaliza bakuli. Picha iko juu ya kabati, ndani ya bahasha ya kaki. Mama mkwe ndiye huwatolea wageni. Huiinua dirishani, "Hapa ndipo palipojisokota," na kila mara kaishika kinyume.